Mwanangu anasoma Maangamizi ya Wayahudi shuleni, na maswali yamehamia nyumbani kwetu

#1 Mama_wa_Zamu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimeuandika vipande vipande nikitoka zamu ya usiku, maana kuna jambo limetokea nyumbani na nimeona nililete hapa, niliseme kwa lugha yangu.

Naishi Berlin mwaka wa 17 sasa. Binti yangu ana miaka 15, yuko darasa la tisa. Huku, mitaala ya majimbo yote inataka mwanafunzi afundishwe utawala wa Wanazi na jinsi Wayahudi milioni 6 wa Ulaya walivyouawa. Mimi Vita Kuu ya Pili niliisoma nyumbani, kidato cha tatu: sababu za vita, matokeo ya vita, unakariri, unajibu mtihani. Wayahudi walikuwa nukta moja kwenye matokeo. Kwa hiyo shule ilipoleta barua kwamba somo linaanza na kutakuwa na safari, nilitia saini nikaendelea na kazi zangu. Nilijua ni tarehe na majina.

Siku ya kwanza mwalimu hakumtaja Hitler kabisa. Aligawa nakala za fomu. Kabla ya kusafirishwa, Wayahudi wa Berlin walilazimishwa kujaza fomu ya kurasa 16 wakiorodhesha kila walichonacho: vitanda, mashuka, sufuria, vijiko, mapazia, nguo za watoto. Treni ya kwanza iliondoka stesheni ya Grunewald tarehe 18 Oktoba 1941, imebeba watu zaidi ya 1,000 kwenda Łódź, Poland. Zilifuata nyingine nyingi. Walioondoka, vitu vyao vilichukuliwa na serikali vikapigwa mnada, na walionunua walikuwa raia wa kawaida, wengine wakiwa majirani zao.

Nilimkuta binti yangu mezani na ile nakala. Alikuwa amepiga mstari chini ya maneno "viti vya jikoni, 4". Akaniuliza, "Mama, sisi tuna viti vingapi?" Mwenyewe alikuwa amekalia kimojawapo. Tunavyo vinne.

Kazi waliyopewa ilikuwa kuandika kila mkono ambao fomu ile ilipitia. Karani aliyeichapa. Aliyeipeleka mlangoni. Aliyeipokea na kugonga muhuri. Mthamini aliyekuja kukagua samani. Dalali wa mnada. Mama wa mtaa wa pili aliyenunua cherehani kwa bei ya kutupa. Binti yangu alifika watu 14, na kwenye orodha yake hakuna hata mmoja aliyeshika bunduki. Hapo ndipo alipoanza kuhangaika. Mtoto wa miaka 15 anajua hawezi kuwa Hitler, hilo halimgusi. Ila karani anaweza kuwa. Mnunuzi wa cherehani pia anaweza kuwa.

Kila mwanafunzi alipewa kijitabu. Kurasa za kulia anaandika aliyojifunza, mwalimu anasahihisha. Za kushoto ni zake peke yake: mwalimu hasomi, hatoi alama, na wazazi tuliandikiwa barua ya kutuomba na sisi tusisome. Nakiri hilo lilinisumbua. Mimi nimelelewa kwamba daftari la mtoto ni la mzazi.

Kisha wakaenda Sachsenhausen, iliyokuwa kambi ya mateso ya Wanazi. Ni karibu na hapa, treni ya S1 mpaka Oranienburg, halafu unatembea kwa miguu kupita nyumba za watu. Kambi ilifunguliwa 1936, na hadi 1945 walifungwa humo watu zaidi ya 200,000. Baada ya usiku wa Novemba 1938, masinagogi yalipochomwa nchi nzima, waliletwa Wayahudi wapatao 6,000 kwa mkupuo.

Nilitegemea arudi akinisimulia sehemu walikouawa watu. Alinisimulia njia ya viatu. Kuzunguka uwanja wa kuhesabiwa kulikuwa na njia iliyotandikwa vipande vipande: hapa saruji, pale kokoto, pale mchanga, pale mawe. Wafungwa walitembezwa juu yake kutwa nzima na mizigo mgongoni, wengine hadi kilomita 40 kwa siku, ili kupima soli za viatu. Kulikuwa na watu maofisini waliotaka kujua malighafi ipi inadumu zaidi, na mtu fulani alikaa mezani akajaza matokeo kwenye jedwali. Mwalimu aliwaacha watembee kando ya njia hiyo kimya, kila mmoja peke yake. Binti yangu alivua raba zake mlangoni siku ile, akazigeuza, akakaa anaziangalia soli.

Jioni nikiwa nachambua mchele akaja kusimama karibu yangu. Akaniambia kuna mvulana darasani kwao ambaye mtu alimpiga picha akiwa anakula, wakaifanya stika ya kumcheka, ikazunguka kwenye grupu la WhatsApp la darasa kwa miezi. "Sikuitengeneza mimi," akasema. "Ila niliifowadi."

Nikafungua mdomo nimwambie, mwanangu, hayo si sawa na yale. Nikaufunga. Nikaendelea kuchambua mchele, na yeye akabaki amesimama. Mpaka sasa sijui kama nilifanya vizuri. Ndiyo maana nimekuja kwenu: ninyi wenye watoto, ninyi walimu, mnafanyaje somo likimfikia mtoto kiasi hiki?

#2 Kijiwe_cha_Songea

Dada, pole na hongera kwa malezi. Lakini swali langu lazima niliulize. Watoto wa Kijerumani wanalia kwa ajili ya Wayahudi, ni sawa, ni haki kabisa. Maji Maji je? 1905 hadi 1907 Wajerumani walichoma mashamba na maghala mpaka njaa ikamaliza watu kusini yote. Babu wa babu yangu alikufa kwenye hiyo njaa. Hiyo nayo ina fomu? Ina kijitabu cha kushoto na kulia?

#3 Chaki_Nyeupe

Nafundisha Historia sekondari, Dodoma, mwaka wa 11. Uzi huu umenigusa pabaya, nitaeleza kwa nini.

Miaka ya nyuma nilifundisha biashara ya utumwa kwa maigizo. Niliwafunga vijana kamba mikononi, nikawapanga mstari, wakazunguka uwanja wa shule, wengine wakicheza nyapara. Niliona ni ubunifu. Wengi walicheka. Wale manyapara walinogewa kupita kiasi, na msichana mmoja alilia mpaka nikamfungua. Kipindi kilichofuata nikauliza wamejifunza nini, kijana mmoja akajibu kwa kujiamini: "Sasa tunajua walivyojisikia."

Jibu lile lilinikosesha raha. Hawakujua lolote. Walizunguka dakika 20 kisha wakaenda kunywa uji. Baadaye nilisoma kwamba jumba la makumbusho ya Maangamizi lililoko Washington linawasihi walimu wasifanye maigizo ya namna hiyo kabisa, kwa sababu hiyohiyo: mwanafunzi anatoka akiamini ameonja mateso, wakati alichoonja ni mchezo. Wanashauri msome maandishi ya watu wenyewe, barua zao, shajara zao, na mjiulize kuhusu maamuzi yao.

Kwa hiyo huyo mwalimu wa binti yako kuwapitisha kimya kando ya ile njia, asiwaambie "tembeeni kama wafungwa", namuelewa vizuri sana. Na lile la kurasa za kushoto nitalijaribu muhula ujao. Darasa langu lina watoto 74, hata ningetaka kuzisoma nisingeweza.

#4 Mlima_Kimya

Nawasalimu kutoka Kigali. Kiswahili changu ni cha Goma, mtanisamehe.

Nilizaliwa baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Nyumbani kwetu mambo ya mwaka ule hayakusemwa. Mama alikuwa akizima redio wiki ya kumbukumbu ikianza tarehe 7 Aprili, basi. Sikuthubutu kumuuliza, na naamini yeye pia hakuthubutu kuanza.

Shule ilitupeleka kwenye Ukumbusho wa Gisozi, ule uliofunguliwa 2004, ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Chini ni habari yetu. Juu kuna vyumba vya mauaji ya kimbari ya kwingineko, ya Waherero na Wanama wa Namibia, ya Waarmenia, ya Wayahudi. Kule chini nilipita haraka, nikitazama sakafu. Kule juu ndiko nilikoweza kusimama. Nilisimama mbele ya habari za Wayahudi muda mrefu hata mwalimu akanifuata.

Jioni nikamwambia mama habari za Wayahudi. Jinsi walivyoandikwa kwanza, jinsi vitambulisho vyao vilivyopigwa muhuri wa J, jinsi jirani alivyokuwa akijua nani anaishi mlango upi. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Na sisi ilikuwa kwenye kitambulisho." Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza niliyowahi kusikia kutoka kwake juu ya jambo lile. Alizungumza mpaka usiku wa manane.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Songea, nakuelewa, hasira yako ni ya haki. Ila kwangu mimi habari ya watu wa mbali haikuifunika ya kwetu. Isingekuwepo, ya kwetu nisingeisikia kamwe.

#5 Mama_wa_Zamu (mleta uzi)

@Mlima_Kimya, nimesoma maandishi yako nikiwa kwenye basi, ikabidi nishuke kituo kimoja kabla. Ahsante kwa kutuamini nayo.

@Kijiwe_cha_Songea, hukukosea kuuliza. Binti yangu aliuliza hilohilo darasani, na nilijivunia. Ukweli ni kwamba habari za ukoloni huku zinafundishwa kidogo mno ukilinganisha. Novemba 2023 rais wao Steinmeier alikuja Songea akaomba msamaha, na kuna Wajerumani ninaofanya nao kazi ambao ndiyo siku waliyosikia neno Maji Maji kwa mara ya kwanza. Mwalimu alimwambia: leta kitu, tutakipa kipindi kizima.

Binti yangu akaleta habari za mtu wa Dar es Salaam. Mahjub bin Adam Mohamed, huku alijulikana kama Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa 1904. Baba yake alikuwa askari wa Mjerumani, na yeye mwenyewe aliingizwa vitani akiwa bado mtoto, Vita Kuu ya Kwanza. 1929 akafika Berlin kudai mshahara wa jeshi uliobaki, wake na wa baba yake. Akaambiwa muda wa madai umepita. Akabaki, akawa mhudumu wa mgahawani, akaigiza nafasi ndogondogo kwenye filamu, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu. 1941 wakamkamata kwa uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, kosa waliloliita kuchafua mbari. Hakupelekwa mahakamani. Alipelekwa Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Mwalimu alimtaka afafanue tofauti, na nadhani ni muhimu niifafanue hapa pia: Husen aliuawa na ubaguzi uleule wa rangi, lakini Wayahudi walisakwa wote, nchi hadi nchi, mpaka vichanga, kwa mpango wa kutobakiza hata mmoja. Kila habari ibaki na ukubwa wake. Binti yangu aliandika hivyohivyo.

Sasa niseme langu, ambalo sikuwa na nia ya kulisema.

Mimi ni muuguzi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wakati wa mafunzo walitupeleka Brandenburg, mji mdogo magharibi ya Berlin. Mwaka 1940, ndani ya jela ya zamani katikati ya mji, waliuawa kwa gesi wagonjwa wa akili na walemavu zaidi ya 9,000. Ilikuwa moja ya sehemu sita za namna hiyo, na hadi Agosti 1941 jumla ya waliouawa ilipita 70,000. Na kwao pia ilianza na fomu. Hospitali zilitumiwa fomu: mgonjwa anaumwa nini, yuko hapa tangu lini, anatembelewa na nani, anaweza kufanya kazi gani. Madaktari wa kupitia fomu hawakumwona mgonjwa kabisa. Alama ya kujumlisha kwa kalamu nyekundu, afe. Alama ya kutoa kwa kalamu ya bluu, aishi. Wauguzi waliwasindikiza kwenye mabasi na kuwasaidia kuvua nguo. Baadaye watu wa mpango huohuo ndio waliopelekwa Poland kuendesha kambi za mauaji za Bełżec, Sobibór na Treblinka.

Nilikuwa na miaka 29. Nilitoka pale nikasema poleni sana, nikaenda kupanda treni. Halikunifikia.

Limenifikia mwezi huu, kwa sababu ya viti vinne vya jikoni. Kila jioni najaza fomu ya kila mzee: anakula mwenyewe, anajigeuza kitandani, anajua leo ni siku gani, anaongea. Usiku mmoja nilijikuta nimenakili ya jana, ambayo ilinakiliwa ya juzi. Kwa bibi mmoja wiki nzima ilikuwa imeandikwa "haongei". Nikaweka kalamu chini, nikarudi chumbani kwake, nikakaa kando ya kitanda kama dakika kumi bila kumgusa wala kumpima chochote. Akageuza uso akaniambia nimfungulie dirisha.

Hakuna aliyekuwa akimdhuru bibi yule. Fomu zetu ni za kumhudumia, si za kumuua, na najua tofauti ni kubwa kama mbingu na ardhi. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshazoea kuandika juu ya mtu bila kumtazama, na sikuwa nimejua.

#6 Hoja_kwa_Hoja

Mleta uzi, nakuheshimu, ila nitakwenda kinyume kidogo. Naona hatari mbili. Kwanza umri. Miaka 14, 15, unamwonyesha mtoto maiti zimerundikwa, wa nini? Pili, hili la stika. Mtoto akianza kuona kila utani wa darasani ni Unazi, basi Unazi wenyewe umekuwa kitu chepesi. Waliokufa nao wana haki ya kutotumiwa kama mfano wa kila kosa letu.

#7 Mama_wa_Zamu (mleta uzi)

@Hoja_kwa_Hoja, hoja yako ya pili nimeilalia usiku kucha, na nakubaliana nayo zaidi ya unavyodhani. Ndiyo niliyotaka kumwambia mwanangu pale kwenye mchele.

Nilimwomba mwalimu miadi. Kuhusu picha za maiti, hakuwaonyesha hata moja. Alisema mtoto aliyeshtuka hafikiri, anataka tu mlango wa kutokea. Akanieleza kwamba walimu wa huku wana makubaliano ya tangu 1976, ya Beutelsbach, na kanuni yake ya kwanza inamkataza mwalimu kumzidi nguvu mwanafunzi: usimlazimishe aone unavyoona wewe, hata kama uko sahihi, hata kwa kutumia machozi yake. Ndiyo maana ya kurasa za kushoto. Kama angezisoma, alisema, watoto wangeandika wanachojua anataka kusikia, na wote wangekuwa mashujaa waliowaficha Wayahudi darini.

Nikamweleza la stika, bila kumtaja aliyeitengeneza. Akakaa kimya kidogo. Akasema darasani huwa anawakataza wazi kusema "hii ni kama kambi". Ila akasema hadhani binti yangu alikuwa analinganisha. Aliniuliza maneno yake hasa yalikuwa yapi. Nikamwambia: niliifowadi. Akasema, basi hapo hajamtaja Mnazi wala Myahudi, amejitaja mwenyewe.

Nimekaa na jibu hilo. Sijui kama linakutosheleza wewe, mimi limenitosha kwa sasa.

#8 Chaki_Nyeupe

Mashujaa wote wa darini. Naliandika hili ubaoni ofisini kwetu leo.

#9 Mama_wa_Zamu (mleta uzi)

Wakuu, wengi mmeniuliza faraghani imekuwaje, kwa hiyo naleta mrejesho.

Jumamosi tulikwenda Brunnenstraße 193, alikoishi Husen. Pale mbele ya mlango, kati ya mawe ya njia ya watembea kwa miguu, kuna jiwe lenye kibamba cha shaba cha sentimita 10 kwa 10, limeandikwa jina lake. Mawe ya namna hii yameenea mji mzima na sehemu nyingi za Ulaya, yako zaidi ya 100,000 sasa, msanii aitwaye Gunter Demnig ndiye aliyeyaanzisha. Huitwa mawe ya kujikwaa. Hili la Husen lilikuwa limeingia weusi. Binti yangu alikuwa amebeba kitambaa na dawa ya kusugulia sufuria, akapiga magoti akalisugua mpaka herufi zikatoka. Akasoma jina kwa sauti, Mahjub bin Adam Mohamed, kwa matamshi ya kwetu. Watu walikuwa wakipita, wengine wakitukwepa, mzee mmoja akasimama akavua kofia.

Jumatatu alikwenda shule mapema. Alimsubiri yule mvulana getini, akamwambia kwamba stika ile na yeye aliifowadi, kwa watu wawili, na anaomba radhi. Nilimuuliza alijibu nini.

"Alisema, 'Najua.'"

"Halafu?"

"Halafu akaingia darasani."

Hakusema zaidi, nami sikumchokonoa. Kijitabu kiko mezani jikoni tangu jana, amekisahau hapo, kimelala kifudifudi karibu na kikombe changu. Sijakigusa.